Baga ya Kuku wa Kikorea Imefika Imetepeta: Lawama ni ya Nani?

Swali: Assalaam alaykum. Ijumaa jioni niliagiza baga ya kuku wa kukaanga wa mtindo wa Kikorea kutoka mkahawa mmoja wa Nyali, hapa Mombasa. Mimi naishi Tudor. Ilifika baada ya kama dakika 50. Boksi lilikuwa limefungwa vizuri, lakini kifuniko kilikuwa na matone ya maji kwa ndani. Ganda la kuku lilikuwa limetepeta juu, ila chini bado likilia. Nilipouma mara ya pili ganda lote likavuka, nyama ikabaki uchi. Sosi ilikuwa nyekundu sana, tamu, pilipili kwa mbali. Mume wangu asema mpishi hajui kazi, kakangu asema ni boda aliyechelewa. Nimpe mkahawa nyota ngapi kati ya tano? Na je, hiyo sosi ya Kikorea ina tatizo lolote kwa sisi Waislamu?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Umeniletea ushahidi ambao wengi hawaniletei. Mtu huniandikia "haikuwa tamu" kisha akaniachia nikisie. Wewe umetaja kifuniko, umetaja juu na chini, umetaja ganda lilivyovuka. Kwa hayo peke yake naweza kukwambia kwamba shemeji ana haki nusu, na yule kijana wa boda mwachilieni aende zake.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa kumwonea mtu. Wapo watakaokwambia chakula cha kukaanga hakisafiri, na anayekitaka kizuri aende akakile papo hapo. Kwa bhajia na viazi karai ni kweli kabisa. Kwa kuku wa Kikorea udhuru huo haukubaliki. Huko Korea Kusini kuku huyu ni miongoni mwa vyakula vinavyoagizwa zaidi kuletwa majumbani. Mpaka watu waliokaa kwenye bustani za kando ya mto Han, mjini Seoul, huletewa boksi lao pale pale kwenye mkeka. Wapishi wao wamezoea kupika wakijua kuku atapita kwenye pikipiki kabla hajafika mdomoni. Kwa hiyo mkahawa unapoandika "mtindo wa Kikorea" kwenye menyu, kabla hata ya kukuahidi ladha umekuahidi ganda linalostahimili safari. Mimi hudai nusu saa bila huruma. Zaidi ya hapo naanza kusamehe kidogo kidogo.

Ustahimilivu huo hutokana na mambo mawili: wanga, na kukaangwa mara mbili. Kuku tuliyemzoea kwenye vibanda vingi vya chipsi hapa mjini huvikwa unga mzito wa ngano, mara nyingi baada ya kuchovywa kwenye maziwa au mayai. Unga wa ngano una gluteni, nayo ikipata maji hunyumbuka. Ndiyo maana ganda la namna hiyo likipoa huwa la kutafuna badala ya kuvunjika. Wakorea hupendelea wanga wa viazi au wa mahindi, huu tunaouita konflawa, wenyewe au ukichanganywa na unga kidogo. Wanga hauna gluteni. Ganda lake hutoka jembamba, kavu, la kuvunjika.

Halafu kuku huingia mafutani mara mbili. Mara ya kwanza mafuta huwa na joto la wastani, karibu nyuzi 160 za Selsiasi, na nyama huiva. Akitolewa huwekwa kwenye wavu, apumue dakika kadhaa. Ukimtazama mpishi wakati huo utadhani amepumzika, kumbe hapo ndipo penye kazi: maji yaliyo ndani ya nyama yanatambaa kuja kwenye ganda, na mvuke unatoka. Kisha kuku hurudishwa kwenye mafuta makali zaidi, nyuzi 180 hadi 190, na yale maji yaliyokuja juu hufukuzwa. Kuku aliyekaangwa mara moja huondoka jikoni na maji hayo chini ya ganda, yakisubiri kutoka akiwa amefungiwa ndani ya boksi. Jiko lililofurika maagizo ya Ijumaa jioni hushawishika kuiruka mara ya pili, na mteja aliyekaa mezani mle mkahawani pengine asijue, kwa sababu anamla kuku dakika mbili baada ya kutoka mafutani. Wewe wa Tudor ndiye unayelipia.

Sasa tuje kwenye boksi lako.

Umesema ganda la chini lilikuwa bado likilia baada ya dakika 50. Hiyo ni alama kubwa kwa mpishi, na hapo shemeji apunguze ukali. Kuku aliyekaangwa kwenye mafuta yaliyopoa, au asiyechujwa vizuri, hutepeta kwanza chini, kwa kuwa mafuta na majimaji hushuka. Ukinyanyua baga kama hiyo utakuta mkate wa chini chepechepe na karatasi imeng'aa kwa mafuta. Yako haikuwa hivyo. Karai lilikuwa moto wa kutosha, na sitashangaa nikiambiwa alikaangwa mara mbili kama inavyotakiwa.

Kilichoharibu juu umekitaja mwenyewe bila kujua: yale matone kwenye kifuniko. Kuku akifungiwa akiwa bado anatoa moshi, mvuke hupanda, hugonga kifuniko chenye baridi kidogo, hugeuka maji, na maji hurudi juu ya mkate na juu ya ganda. Yaani baga yako ilinyeshewa ndani ya boksi lake. Aliyefanya hivyo ni mtu wa kufungasha, na mara nyingi huyo si mpishi. Ni kijana wa kaunta anayetaka agizo litoke haraka. Dawa yake ni rahisi hata inaudhi: kuku akae kwenye wavu dakika mbili tatu kabla ya kuingia kwenye mkate, na boksi liwe la karatasi lenye matundu ubavuni au liachwe na upenyo. Baga iliyoviringishwa kwa foili ikabanwa kila upande mimi huihukumu kabla sijaifungua.

Na hapa Mombasa kosa hilo huzidi, kwa sababu hewa yetu yenyewe ina maji. Muuza kachri za muhogo pale Mama Ngina, kando ya bahari, anajua: akiziacha wazi jioni, upepo wa bahari unazilegeza zikiwa bado kwenye meza yake. Kitu chochote kikavu cha wanga hunywa unyevu wa hewa. Mkahawa uliojifunza kufungasha kwa kutazama video za mji wenye baridi kavu hautafaulu Nyali mpaka ukubali tunaishi wapi.

Kuna jambo lingine ambalo wateja hawapendi kulisikia. Joto na ukavu wa ganda havikai pamoja ndani ya boksi. Lile begi kubwa la boda linalotunza joto linatunza na mvuke pia. Ukidai baga ifike ikichoma vidole, unadai ifike imetepeta. Mimi nikiipata ya uvuguvugu na ganda linalia, naifurahia kuliko ya moto iliyolegea, na kuku wa Kikorea hapotezi sana akipoa. Nchini Korea, anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa kuku aliyepakwa sosi nyekundu ni Yoon Jong-gye wa mji wa Daegu, karibu na mwaka 1980. Alianza kuhangaikia sosi baada ya kuona wateja wakipata taabu na ganda lililokuwa gumu, linalowakwaruza kinywa. Ugumu ndio uliokuwa shida yao! Hapa kwetu sosi humwagwa juu ya ganda ambalo tayari ni teketeke.

Boda naye? Dalili zake ni tofauti. Ukifungua ukakuta mkate umehamia kando, kabichi imemwagika, sosi yote imejikusanya pembe moja, hapo mtazame yeye na breki zake. Yako ilifika imekaa sawa. Na dakika 50, pamoja na kupika, kutoka Nyali, kuvuka daraja, kupenya foleni ya Buxton Ijumaa jioni hadi Tudor, si uchelewaji wa kumgombea mtu. Programu za kuagizia hukuonyesha agizo lilipokuwa tayari na lilipochukuliwa. Siku nyingine angalia hapo. Baga ikikaa robo saa kwenye kaunta ikingoja pikipiki, kosa hilo wanagawana mkahawa na programu, na aliyeendesha hana hata chembe. (Wasomaji wangu wa Likoni mnaoagiza kutoka kisiwani: baga iliyopanda feri sitaihukumu. Mnisamehe.)

Lililobaki ni ganda kuvuka, na hapa ndipo shemeji anaposhinda. Ganda likivuka zima kama soksi, tatizo lilikuwepo kabla kuku hajaona mafuta. Nyama ilikuwa na maji juu yake, ama kwa sababu ilitoka kwenye barafu haijakaushwa, ama ilitolewa kwenye viungo na maziwa lala ikavikwa wanga bila kukung'utwa. Yale maji yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke chini ya ganda, na mvuke hulisukuma ganda mbali na nyama. Ndani ya boksi, mvuke zaidi humalizia kazi. Mpishi makini huikausha nyama kwa karatasi au kitambaa safi, huivika wanga, huibonyeza kwa kiganja, kisha huiacha dakika kumi hivi mpaka unga mkavu ulowe na kushika. Hatua hiyo ya kungoja haigharimu shilingi, na ndiyo ya kwanza kutupwa mtu akiwa na haraka.

Hukuniambia nyama ilikuwa paja au kidari. Jaribu kukumbuka, kwa sababu kwenye baga ya kusafiri mimi sikubali kidari ila kwa sababu maalumu. Kidari kina mafuta machache sana. Kikipita moto kidogo tu hukauka, na muda wa kuendelea kujipika ndani ya boksi humaliza kilichobaki. Paja lisilo na mfupa husamehe. Mom's Touch, mojawapo ya migahawa yenye matawi mengi Korea Kusini, imejipatia jina hasa kwa baga ya paja. Kwa kawaida Wakorea humla kuku huyu vipande vipande na mfupa wake; lakini wakimtia kwenye mkate, paja ndilo linalofaa. Nyuzi za nyama zikiwa ndefu, nyeupe, na zinakwama kwenye meno, ulipewa kidari. Kuhusu kuiva, kuku salama ni yule aliyefika nyuzi 74 katikati. Nyama ikiwa inateleza na kung'aa kwa ubichi usiirudishe motoni, irudishe mkahawani.

Sosi sasa. Nyekundu ya kung'aa, tamu, pilipili kwa mbali: maelezo hayo yananinukia sosi ya nyanya na sukari, pengine na sosi ya pilipili ya chupa. Sijaionja, kwa hiyo sitaapa. Lakini sosi ya kweli msingi wake ni gochujang, uji mzito uliochachushwa, unaotengenezwa kwa unga wa pilipili, mchele wa kunata, soya iliyochachushwa na chumvi. Huchanganywa na kitunguu saumu kingi, sosi ya soya, na sharubati ya wanga au asali, kisha huchemshwa mpaka inate. Rangi yake ni nyekundu ya kuiva, inayokaribia tofali. Utamu hutangulia, kisha huja uchachu wenye kina na chumvi, halafu pilipili hupanda taratibu nyuma ya koo. Si ukali wa pilipili mbuzi, ule wa kupiga puani mara moja. Mpishi aliyetia pilipili mbuzi amekupa kitu kizuri pengine, ila ni cha Pwani. Na ufuta ulionyunyizwa juu usikudanganye. Ufuta si ushahidi.

Kunata huko kuna kazi yake. Sosi iliyochemshwa mpaka ikapungua ina maji machache na sukari nyingi, kwa hiyo ikipakwa kwa brashi hukaa juu ya ganda badala ya kulilowesha upesi. Sosi ya maji maji iliyomwagwa kwa kijiko hupenya mara moja. Ukitaka kujua kama ganda lako la juu liliuawa na sosi au na mvuke, tafuta mahali ambapo sosi haikufika. Pametepeta pia? Basi ni mvuke.

Swali lako la Uislamu ni la msingi, na ningependa watu wengi zaidi waliulize. Kuku mwenyewe hapa Mombasa ni rahisi kumuulizia machinjo. Wengi husahau sosi. Gochujang nyingi za viwandani huongezwa alkoholi kama kihifadhi, na imeandikwa wazi kwenye orodha ya viungo nyuma ya kopo. Tena baadhi ya mapishi humlaza kuku kwenye mvinyo wa mchele, au hutia mirin (mvinyo mtamu wa mchele wa Kijapani) kwenye sosi, ili kuondoa harufu na kutia utamu. Zipo pia gochujang zenye nembo ya halali, hasa zile zinazotengenezwa kwa soko la Malaysia na Indonesia, kwa hiyo mkahawa hauna sababu ya kukosa. Wapigie simu, uombe picha ya lebo ya kopo, upande wa viungo, na uulize kuku analazwa kwenye nini. Mkahawa ulio safi utakutumia kwa WhatsApp bila maneno. Cheti cha halali kilichotundikwa ukutani ni kizuri, ila soma kimetolewa lini na kinahusu nini. Ama hukumu ya alkoholi kidogo inayotiwa kuhifadhi chakula, mwulize sheikh wako. Mimi kazi yangu inaishia kwenye lebo. Na kichekesho ni kwamba ile sosi yako ikiwa kweli ni ya nyanya na sukari, huenda suala hili halikuhusu kabisa.

Mkate na achari nitavipitia haraka. Mkate uwe laini, wenye utamu wa mbali, na uso wake wa ndani uwe umepakwa siagi ukabanikwa mpaka ubadilike rangi, kwa maana hiyo siagi na ukavu huo ndivyo vinavyozuia majimaji. Mkate mbichi ndani ni uvivu. Wakorea humla kuku na figili nyeupe iliyolowekwa kwenye siki na sukari, ambayo hukata mafuta mdomoni. Kwenye baga mpishi anaweza kutumia figili, tango au kabichi, mradi iwe imekamuliwa. Kabichi ya mayonezi iliyowekwa chini ya kuku hutoa maji njiani. Usipokuta kitu chochote kichachu ndani ya baga hiyo, utachoka nayo katikati hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Ikikufikia tena hivyo, onja kwanza pembe moja kabla ya kuiokoa, ili hukumu yako iwe ya haki. Halafu itenganishe. Kuku mweke kwenye oveni au kikaangio cha hewa kilichokwisha pata moto, nyuzi 190 hivi, dakika nne au tano, juu ya wavu. Mkate ugeuze uso chini kwenye tawa kavu dakika moja. Kama huna oveni, tawa hiyo hiyo kwa moto mdogo, bila mafuta, bila kufunika, itamsaidia kuku kwa kiasi. Maikrowevu itakumalizia hata lile ganda la chini lililopona.

Nyota zangu ni tatu. Ganda la chini lililovumilia safari limeleta mbili, na moja naiongeza kwa sababu baga ilifika imekaa sawa. Moja naiondoa kwa ganda lililovuka, na ya mwisho wanagawana mfungaji na sosi. Shemeji akitaka mbili, sitagombana naye. Lakini nyota zenyewe hazimsaidii mpishi kujua cha kurekebisha, kwa hiyo chini yake andika hivi: "Kukaanga ni kuzuri, chini kulibaki kukavu. Juu kulilowa kwa mvuke wa boksi, na ganda lilivuka. Tafadhali kausheni nyama kabla ya kuivika, acheni boksi na matundu, na mniambie mnatumia gochujang gani." Ukiagiza tena, kwenye sehemu ya maelekezo omba sosi iwekwe kando kwenye kikopo. Wakikataa, agiza kwingine; upande huo wa daraja hawako peke yao.